Reli Ilipofika Kitandani

Treni yangu ilikuwa na shida moja: haikuwa na mahali pa kugeukia. Ilitoka chini ya dirisha, ikafuata ukuta mita mbili na nusu, ikafika mlangoni, basi. Nageuza swichi, inarudi kinyumenyume. Miezi minne hivyo. Wewe unayesoma hii kwenye bedsita yako Roysambu utacheka, lakini nilishaanza kuiona kama mimi mwenyewe: Nairobi, Kinakomba, Nairobi, Kinakomba.

Seti yenyewe ni mtumba. Niliiokota Gikomba mwaka ule nilioacha chuo: kichwa kimoja, mabehewa mawili, na reli kwenye karatasi ya nailoni. Ni kipimo cha 1 kwa 87, kinachoitwa HO, na reli zimeachana milimita 16.5. Chukua upana wa SGR, milimita 1,435, gawanya kwa 87, utaipata hiyo hiyo. Hesabu tamu, mpaka uisogeze mbele. Mombasa hadi Nairobi ni kama kilomita 472. Kwa kipimo hiki inabaki zaidi ya kilomita tano. Hakuna nyumba ya kuitandaza hiyo, hata Muthaiga. Kwa hivyo kila anayejenga reli nyumbani lazima akate. Anaamua stesheni gani ibaki, na kijiji gani kisiwepo.

Mimi nilikuwa najenga reli ambayo haipo kabisa. LAPSSET ilizinduliwa Lamu Machi 2012, marais wakapigwa picha, na kwenye ramani kuna reli inatoka bandarini kwenda Garissa, Isiolo na mbele. Reli hiyo bado iko kwenye karatasi. Nikasema kama ni kuchora tu, hata mimi nina penseli. Nikaipitisha kwetu, ikavuka Tana.

Kokoto zake ni mchanga wa mto niliouchekecha kwa chandarua kilichochanika. Miembe ni sifongo ya kuoshea vyombo niliyoipaka rangi. Kingo za mto ni magazeti yaliyolowekwa kwenye uji wa unga wa ngano, na mchwa waliupenda sana uji huo. Umeme natoa kwenye betri ya sola. Mwanzoni nilizibana reli bila kuacha nafasi kwenye maungio. Saa nane mchana joto likazikunja kama nyoka. Na vumbi, jamani. Usipopangusa reli kwa spiriti, treni inakata moto katikati ya daraja.

Sasa kona. Ili kichwa kigeuke bila kuanguka, ubao unataka upana wa karibu mita moja. Mita moja chumbani ilikuwepo, lakini juu yake kulikuwa na kitanda cha futi tatu na nusu cha binamu yangu.

Alikuwa kidato cha pili. Alikuja kukaa nasi baada ya mafuriko ya 2024 kuchukua nyumba yao. Jumamosi moja akiwa shambani, nilihamisha kitanda chake kwenye ukumbi, karibu na magunia ya mchele. Aliporudi nikamwambia ni ya muda tu. Akasema, "Sawa kaka."

Hiyo "sawa" ndiyo imenifanya niandike haya. Niliichukua kama ruhusa. Lakini mtu anayelala kwa watu atasema nini kingine? Katiba yetu, Ibara ya 40, inataka serikali ikichukua ardhi ya mtu imlipe fidia ya haki, tena upesi. Halafu inaongeza jambo ambalo wengi hatulisomi: hata anayeishi hapo kwa nia njema bila hati anaweza kuwekewa utaratibu wa kulipwa. Walioandika hilo walijua kwamba mahali pa mtu na hati ya mtu ni vitu viwili. Mimi, niliyekuwa nikipiga kelele mtandaoni kila nikisikia watu wamehamishwa kupisha mradi, sikuweza kuliona hilo ndani ya chumba cha futi kumi.

Usiniambie basi tusijenge. Kwetu tunahitaji barabara, na kila barabara ina mtu atakayesogea. Tena dogo mwenyewe aliipenda ile duara kuniliko. Aliendesha treni mpaka betri ikalia. Nilijitetea kwa hilo wiki nzima: si anafaidika? Anafaidika, ndiyo. Lakini faida yake nilikuja kuihesabu baadaye, kitanda kikiwa kishatoka.

Siku moja nikakuta ametengeneza vihema kumi na kitu kwa pakiti za maziwa, akavipanga kando ya reli, pale nilipokusudia kuweka stesheni. Nikamwambia viko poa, lakini vinaharibu mandhari. Nilitamka hivyo, kwa mdomo wangu. Akaanza kuving'oa kimoja kimoja, bila neno, na gundi ilikuwa bado mbichi.

Bibi alikuwa mlangoni anapepeta mchele. "Hii nyumba ya nani?" akauliza.

"Yako, bibi."

"Mimi nimehamisha mtu?"

Kitanda kilirudi jioni hiyo. Ubao nimeufunga bawaba ukutani na kamba mbili juu ya boriti. Ukiuvuta unasimama wima, ukiushusha unakaa juu ya kitanda kama paa. Ni suluhisho la mafundi wengi wa reli ndogo wenye vyumba vidogo, si akili yangu. Na halijamaliza deni, maana treni ikitaka kutembea bado yeye ndiye anayeinuka. Tofauti ni kwamba kamba imefungwa upande wake. Vihema vimerudi. Stesheni imekwenda nyuma ya miembe, mahali pabaya kidogo, kona ni kali.

Jana nilipata waya mpya wa taa za daraja. Nilitaka sana kuzijaribu gizani. Ilikuwa saa tatu usiku, na dogo alikuwa amelala.