Amana au Mkopo? Fikira juu ya Ankara ya Kukisia na Fedha ya Mteja

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii twaifundisha kila mwaka, na aghalabu twaieleza kuwa ni onyo kwa mwenye mali: aandike, ahesabu, asitegemee kichwa chake. Lakini iko mali ambayo daftari lake haliko mikononi mwa mwenyewe. Ameitoa kwa mkono wake, ameandikiwa na mtu mwingine, na hesabu yake huipata pale tu mwandishi anapopenda kumwonyesha. Je, mali ya namna hii ikipotea, ni nani wa kulaumiwa? Na kabla haijapotea, ni mali ya nani?

Swali hili halikutujia kutoka vitabuni. Lilitujia zamani tulipokuwa tukikaa katika nyumba za walimu, kabla ya kuja kwa mita za kulipia mbele. Msoma mita alipaswa kufika kila mwezi. Alipokuta lango limefungwa, au mbwa amelala mlangoni, hakurudi tena. Alikisia tu, akaenda zake. Mwenzetu mmoja alikwenda likizo ndefu, nyumba ikabaki tupu na taa zimezimwa. Aliporudi alikuta ankara zinazosema kwamba nyumba ile iliwaka kama kawaida. Akalipa, maana aliyeandika ankara ndiye pia mwenye uwezo wa kukata waya. Kisha akaenda ofisini kulalamika. Jibu alilopewa lilikuwa la upole kabisa: fedha yako haikupotea, iko kwetu, itapunguzwa katika ankara zijazo.

Wengi wetu tuliona jibu hilo latosha. Yeye hakuridhika. Aliuliza neno moja tu: "Ikiwa iko kwenu, mnaishika kama nini?" Karani hakuwa na jibu, na sisi pia hatukuwa nalo. Tumelibeba swali hilo miaka mingi, na leo twataka kulijaribu mbele ya wasomaji wetu.

Lugha yetu imetupa maneno ya kupambanulia jambo hili, nasi walimu wa Kiswahili hatuna budi kuyatumia kwa uangalifu. Yako malipo: hayo ni bei ya kitu kilichokwisha pokewa, na yakitolewa shauri limekwisha. Uko mkopo: mkopaji huutumia apendavyo, lakini aliyemkopesha amekubali, anamjua mtu wake, na pengine amepewa rehani. Tena iko amana: kitu kilichowekwa kwa mtu ili akilinde. Si chake, hana ruhusa ya kukitumia, na siku kinapotakiwa hukirudisha kama kilivyo. Fedha ya mwenzetu ilikuwa ipi kati ya hizi? Haikuwa malipo, kwa sababu umeme hakuupokea. Haikuwa mkopo, kwa sababu hakuna aliyemwomba wala aliyemwuliza. Basi ama ilikuwa amana, ama ilikuwa kitu ambacho jina lake hatupendi kulitaja.

Tuchukue sasa mfano mkubwa zaidi, wa nchi ambayo swali hili lilijaribiwa mbele ya mamilioni ya watu. Uingereza, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, kila nyumba inaweza kuchagua kampuni ya kuiuzia umeme na gesi. Nyingi za kampuni hizo hazina mtambo wa kuzalisha wala waya wa kusafirisha. Hununua kwa jumla na kuuza rejareja, kama mwenye duka anunuavyo sukari kwa gunia na kuiuza kwa kilo. Nchi ile ni ya baridi, na nyumba nyingi hupashwa moto kwa gesi. Kwa hiyo matumizi ya Januari huwa makubwa mno kuliko ya Julai. Ili mlaji asielemewe wakati wa baridi, kampuni hukisia matumizi yake ya mwaka mzima, huyagawa kwa miezi kumi na miwili, kisha hukata kiasi kilekile kila mwezi kutoka benki. Wakati wa joto mteja hulipa zaidi ya anachotumia, na salio lake hukua. Wakati wa baridi salio hilo huliwa polepole.

Tusiwe wepesi wa kulaumu. Utaratibu huu una huruma ndani yake. Mwenye mshahara mdogo humsaidia asikutwe na ankara kubwa wakati ambapo bila moto mtoto hawezi kulala. Lakini tuulize kama alivyouliza mwenzetu: mwezi wa Agosti, salio lile linashikwa kama nini? Kwa miaka mingi hapakuwa na sheria iliyoitaka kampuni kuitenga fedha hiyo. Iliingia katika kapu moja na fedha nyingine zote. Kampuni changa iliweza kuitumia kulipa mishahara, au kujitangaza, au kuuza kwa bei ya chini kuliko gharama yake ili kuvuta wateja wapya, ambao malipo yao ya mbele yalifunika shimo lililoachwa na wale wa kwanza. Ofgem, chombo kinachosimamia biashara hiyo, chenyewe kilieleza mwaka 2022 kwamba ziko kampuni zilizokuwa zikiyategemea masalio ya wateja kuendeshea shughuli zao.

Mwaka 2021 bei ya gesi ilipanda ghafla. Kampuni ambazo hazikuwa zimenunua akiba mapema zilijikuta zanunua ghali na kuuza kwa bei iliyowekewa kikomo na Ofgem tangu mwaka 2019. Zikaanguka moja baada ya nyingine. Kwa hesabu iliyotolewa Juni 2022 na ofisi ya ukaguzi wa fedha za serikali ya nchi ile, kampuni 28 zilikuwa zimeanguka tangu Julai 2021, na wateja milioni 2.4 walihamishiwa kwa wauzaji wengine. Mbali na hao ilikuwako kampuni ya Bulb, yenye wateja wapatao milioni 1.6. Hiyo, kwa ukubwa wake, iliwekwa chini ya usimamizi maalumu kwa fedha za serikali mwezi wa Novemba 2021.

Je, wateja walipoteza masalio yao? La. Ofgem ilikuwa imetandika wavu wa usalama: mwuzaji mpya aliyeteuliwa aliweza kuwarudishia wateja salio lao, kisha akafidiwa kutokana na tozo iliyowekwa katika ankara za watu wote. Wakaguzi wale walikadiria kuwa mzigo mzima wa kuwahamisha wateja ungefika pauni bilioni 2.7, yaani kama pauni 94 kwa kila nyumba. Sehemu kubwa ya gharama hiyo ilitokana na kununua nishati kwa haraka na kwa bei ghali. Masalio yalikuwa fungu moja tu. Hata hivyo jambo la kufikiri limebaki palepale. Kikongwe ambaye maisha yake yote alinunua kutoka kampuni ya zamani, akalipa kwa wakati, hakuvutwa na bei rahisi wala tangazo, naye aliletewa sehemu yake ya kulipa.

Hapa ndipo tunapotaka msomaji asimame nasi. Wako watakaosema: ikiwa hakuna aliyepotewa na salio lake, basi hakuna aliyedhulumiwa. Hoja hii ina sura nzuri, lakini haisimami. Tuseme mtu wa kijijini amewekewa amana akaila, kisha wanakijiji wote wakachangishwa ili mwenye mali arudishiwe. Mwenye mali amepona, nasi twafurahi. Lakini mlaji hakulipa, na waliolipa hawakula. Kurejesha kitu si sawa na kukilinda. Haki haitimii kwa kumfariji aliyepotewa peke yake; yataka pia kwamba mzigo umwangukie aliyeufunga. Tena wavu ukijulikana kuwa upo, huwapumbaza wote wawili: mteja hufuata bei ya chini pasipo kuuliza, na mwenye kampuni hucheza kamari akijua kwamba akishinda faida ni yake, na akishindwa hasara ni ya watu.

Ipo hoja ya pili, nayo ni nzito zaidi. Husemwa kwamba kampuni ikilazimishwa kuitenga fedha ya wateja, itabidi itafute mtaji mahali pengine kwa riba, na riba hiyo itaongezwa katika bei. Na wauzaji wadogo watashindwa kuingia sokoni. Hoja hii ilisikilizwa. Mwaka 2023 Ofgem haikuzilazimisha kampuni zote kutenga kila senti. Badala yake ilizitaka ziwe na mtaji wao wenyewe, kwa lengo la pauni 115 kwa kila mteja wa umeme na gesi kufikia mwisho wa Machi 2025, na ikajiwekea uwezo wa kuiamuru kampuni itenge masalio pale inapohitajika. Sisi hatuidharau njia hiyo ya katikati. Lakini twasema hivi: bei iliyoshushwa kwa fedha ya mteja mwenyewe si bei nafuu. Ni mteja kujipa zawadi kutoka mfukoni mwake, bila kujua, na kumshukuru mwingine kwa ukarimu. Ikiwa kuilinda amana kutapandisha bei, basi bei ile ya kwanza haikuwa ya kweli.

Na kukisia kwenyewe, je, ni uongo? Twaona kwamba si uongo, maadamu kumetajwa kwa jina lake na mlango wa kukusahihisha u wazi. Daktari hukisia, mkulima hukisia mvua, nasi walimu hukisia umri wa mtoto asiye na cheti. Kosa huanza pale makisio yanapovaa nguo ya ukweli na kudai heshima yake. Ndiyo maana ni jambo jema kwamba ankara ieleze kama mita ilisomwa au ilikisiwa. Na makosa ya kukisia hayaelekei upande mmoja. Mara nyingine kampuni hukisia kidogo kwa miaka, kisha siku moja humwangushia mtu deni kubwa. Uingereza iliweka kanuni mwaka 2018 kwamba mteja asidaiwe nishati aliyoitumia zaidi ya miezi 12 nyuma, ikiwa kosa la kutokumwandikia si lake. Maana ya kanuni hiyo ni ya maadili kuliko ya hesabu: aliyekisia naye abebe hatari ya makisio yake.

Lakini mteja naye ana wajibu wake. Mita iko ukutani kwake. Aisome, aandike tarakimu, azipeleke. Makisio yasiyopingwa huzoeleka, na yakizoeleka hugeuka kuwa kweli katika daftari la mwingine. Hapo ndipo methali yetu inaporudi na nguvu zake zote.

Huku kwetu njia imekuwa nyingine. Tanzania wana LUKU, Rwanda wana Cash Power, na hapa Uganda tangu mwaka 2011 tuna Yaka, neno la Kiganda ambalo mwanafunzi wa Kiswahili hulitambua mara moja kuwa ni ndugu wa kuwaka. Mtu hununua, hubonyeza tarakimu ishirini, na mita humwonyesha uniti zake. Msoma mita na mbwa wa mlangoni hawana tena ugomvi. Makisio yamekwisha, lakini kulipa mbele kumekuwa sheria ya kila nyumba. Tofauti ni kwamba mama anayenunua umeme wa siku tatu hujichagulia mwenyewe kiasi cha kuamini, na hukiona kikipungua mbele ya macho yake. Huo ndio uzuri wake. Ukali wake ni kwamba imani haiendi upande wa pili: yeye huiamini kampuni siku tatu, kampuni haimwamini hata dakika moja, na uniti zikiisha giza huingia papo hapo. Tarehe 1 Aprili 2025 usambazaji mkubwa wa umeme nchini ulipotoka kwa kampuni ya Umeme na kushikwa na UEDCL, shirika la serikali, ilifaa kila mwenye uniti katika mita akumbuke kwamba kinachohama si nguzo na waya tu. Huhama pia ahadi kwa watu waliokwisha kulipa.

Ndugu walimu, tusidhani kwamba mambo haya ni ya makampuni pekee. Katika shule zetu mwalimu huchaguliwa kushika fedha ya safari ya wanafunzi. Ijumaa amekwama, nauli hana. Huchukua kidogo katika bahasha ile akinuia kuirudisha Jumatatu. Jumatatu akairudisha yote, safari ikafanyika, na hakuna mtoto aliyejua. Je, alikosa? Wengine kati yetu tumewahi kuwa mwalimu huyo, na tulijiambia kwamba hatukumdhuru mtu. Lakini kutoka Ijumaa hadi Jumatatu tulikuwa tumewafanya watoto wa watu wadai wetu bila kuwauliza, na laiti tungeugua Jumapili, hasara ingekuwa yao. Kurudisha kwetu kulikuwa ni bahati nzuri. Uaminifu ulikuwa ni kuiacha bahasha ilivyo.

Mwenzetu yule aliyerudi kutoka likizo amekwisha staafu. Swali lake lingali kazini. Na liulizwe katika ofisi za umeme, katika vyama vya akiba, na mbele ya kila mmoja wetu anayeshika bahasha isiyo yake: ikiwa fedha iko kwenu, mnaishika kama nini?