Je, Mnunuzi wa Mfuko Anawajibika kwa Yaliyomo?

Wahenga walituonya tusikubali kuuziwa mbuzi ndani ya gunia. Onyo hilo lafaa sana leo, maana wako watu wanunuao gunia la mbuzi mia tano kwa mara moja, wala hawalifungui.

Gunia hilo ni mfuko wa uwekezaji ambao vipande vyake huuzwa katika soko la hisa kama hisa za kawaida. Mmoja ulio mashuhuri ulianza Marekani mwezi Januari 1993, ukifuata orodha ya makampuni makubwa yapatayo 500 ya nchi ile. Anunuaye kipande kimoja hupata sehemu ndogo ya kila kampuni.

Huenda mtu akasema: "Mimi sikuchagua kampuni yo yote, nimenunua mfuko tu." Lakini je, mwenye kupokea faida ya duka aweza kusema kwamba halimhusu duka hilo linauza nini? Ikiwa mfukoni mna kiwanda cha pombe au benki iishiyo kwa riba, faida yake humfikia mnunuzi, ajue asijue. Na asiyejua kwa sababu hakutaka kutazama hana udhuru.

Basi, ndugu msomaji, kabla ya kununua yapasa kuchunguza mambo manne.

Kwanza, yaliyomo. Jina la mfuko si ushahidi. Soma orodha ya makampuni, utazame na uzito wa kila moja, kwani katika mifuko mingi kampuni kubwa hupewa sehemu kubwa, hata machache yakabeba mengi.

Pili, ada. Dola 1,000 zikikua kwa asilimia 6 kila mwaka hufika 5,743 baada ya miaka 30. Ada ikipunguza ukuaji huo hadi asilimia 5, hufika 4,322 tu.

Tatu, namna mfuko unavyofanya kazi. Mingine haishiki hisa za orodha yake, bali ina mkataba na benki. Benki ikishindwa kulipa, mnunuzi yumo hatarini. Mingine huahidi kuzidisha mara mbili mwendo wa soko wa kila siku. Tuseme soko limeshuka leo kutoka 100 hadi 90, na kesho likarudi 100. Mfuko huo utashuka hadi 80, kisha utapanda hadi karibu 98 tu. Soko limerudi lilipokuwa. Mnunuzi amepata hasara.

Nne, njia ya kutoka. Bei ya kununulia huzidi ya kuuzia, na mfuko usio na wanunuzi wengi huwa na pengo kubwa zaidi.

Uchunguzi huu hauzuii hasara. Hata mwangalifu hupatwa nayo. Lakini mali ni amana, na siku ya hesabu tutaulizwa tuliichuma wapi. Heri basi kulifungua gunia mapema, ili siku hiyo tuwe na jibu.