Tenda Wema, Nenda Zako?

Wahenga waliusia: tenda wema nenda zako, usingoje shukrani. Katika usia huu watu wameyashika zaidi maneno ya mwisho, na yale ya katikati yamepita bila ya kuhojiwa. Je, kila mtenda wema anaweza kwenda zake?

Kikatiti, kando ya barabara ya Arusha na Moshi, ni mahali panapofaa kuanzia. Pako chini ya miteremko ya Mlima Meru, na wakulima wa mlima huo, sawa na wenzao wa Kilimanjaro, wameishi kwa mifereji tangu kabla ya kuja wakoloni. Mfereji hauchimbwi mara moja ukaisha. Mvua huujaza tope, kingo hubomoka, majani huziba njia. Ndipo watu huitana kwenye msaragambo, kila mmoja na jembe lake, na kwa desturi asiyefika hutozwa faini. Haki yake ni nyepesi kufahamika: anywaye ndiye achimbaye.

Sasa na utazamwe mfereji wa namna nyingine. Programu huria za kompyuta ni zile ambazo maandishi yake ya ndani yamewekwa wazi, kila mtu akaweza kuyasoma, kuyarekebisha na kuyagawa. Nyingi hutunzwa na watu wasiolipwa. Mmoja wa mifumo endeshi ya aina hiyo utawapendeza wapenzi wa ushairi, kwani unaitwa Haiku, kwa jina la utungo wa Kijapani wa mizani 17. Ulianza mwaka 2001, kampuni ya Be iliyounda mfumo wa BeOS ilipokuwa ikiuzwa. Wenye mali waliondoka, wakabaki wapenzi. Jina lilichaguliwa mwaka 2004, kwa kukumbuka kivinjari cha BeOS kilichotangaza makosa yake kwa beti za haiku. Toleo la kwanza la majaribio lilitoka mwaka 2009, na watunzaji wangali kazini hadi leo. Watumiaji wake ni wachache, lakini uchache wao haupunguzi kazi. Kila mashine mpya itokayo viwandani, lazima apatikane mtu wa kuulinganisha mfumo nayo, baada ya saa za ajira yake.

Katika mfereji huu anywaye halazimiki kuchimba, wala hakuna faini. Matokeo yake yameonekana. Mwaka 2014 iligunduliwa kasoro kubwa katika OpenSSL, programu iliyolinda siri za sehemu kubwa ya intaneti, na dunia ikashangaa kuona kuwa watunzaji wake walikuwa wachache mno. Mwaka 2024 ikawa zamu ya XZ, programu ya kubana mafaili. Mtunzaji wake alikuwa mmoja, amechoka, naye alikuwa akisukumwa na watu waliolalamika kwamba anachelewa. Akatokea msaidizi asiyejulikana, akafanya kazi njema zaidi ya miaka miwili hadi akaaminiwa, kisha akapenyeza mlango wa siri. Mhandisi Andres Freund aliugundua kwa kuona tu kwamba kuingia kwenye kompyuta kulichelewa kwa nusu sekunde. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na huyu wa kuziba aliachwa peke yake.

Wako wasemao kwamba aliyetoa bure hadaiwi. Hata leseni za programu hizi hutamka kwamba hazina dhamana. Wengine hujibu kwamba aliyewaacha watu wakapanda mashamba kwa maji yake hawezi kuufunga mfereji kiangazi. Kila upande una haki, lakini nusu tu. Hisani haigeuki utumwa kwa kuwa imezoeleka. Wala uhuru wa mtoaji haumruhusu kutoweka kimya ilhali mimea ya watu iko katikati ya kukua. Deni lake si kuendelea milele. Deni lake ni kuaga: aseme wazi kwamba amechoka, na ufunguo auache kwa mtu anayejulikana, au awaambie wenye mashamba watafute maji kwingine.

Na wanywaji? Asiyeweza kushika jembe ana deni la kutoamrisha. Makampuni yanayovuna faida kutokana na maji hayo yana deni zaidi: yalipe faini ya msaragambo, yaani fedha au watu.

Kiswahili chenyewe kimo katika hesabu hii. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi kwa Kiswahili. Ilikuwa fahari ya kweli. Lakini kila toleo jipya la programu huja na maneno mapya, na yasipotafsiriwa, Kiingereza hurudi taratibu kama tope mferejini. Wengi walioshangilia uzinduzi hawakuuliza nani atatafsiri mwaka unaofuata. Swali hilo lingali linamsubiri kila apendaye kuiona lugha yake kwenye kioo cha kompyuta.