Kumlilia Usiyemjua

Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali ya gari huko Mombasa, Januari 1979. Habari zilipotufikia Lushoto, nilikuwa mkufunzi kijana katika chuo cha ualimu. Asubuhi ile mwanachuo mmoja alishindwa kuendelea na somo la mazoezi.

"Umefiwa na nani?" nilimwuliza.

"Na Mbaraka, mwalimu."

Nilimkemea mbele ya wenzake: vijana wetu wanakufa vitani wakipigana na Idi Amin, nawe unamlilia mpiga gitaa asiyekujua hata jina? Wenzake wakacheka. Akafuta machozi, akafundisha.

Nilidhani kilio ni haki ya ndugu, au ya shujaa. Lakini huku kwetu milimani, ajaye msibani haulizwi ukoo. Hupewa mahali pa kukaa. Wala huzuni si debe la mahindi, kwamba ukimpimia mmoja mwingine atapungukiwa. Aliyeweza kumlilia Mbaraka angeweza kumlilia na askari.

Wapo wasemao kuwa mashabiki hujililia wenyewe, yaani ujana wao. Huenda. Nami nilipomzika mama nilijililia pia; je, kilio kile kilikuwa cha uongo?

Tangu Morogoro Jazz hadi Super Volcano, Mbaraka aliwapa watu asiowajua gitaa na sauti yake. Aliyepokea ana deni, na machozi ni njia mojawapo ya kulikiri.

Kijana yule sikumwomba radhi. Redio ikipiga wimbo wa Mbaraka, namkumbuka yeye kwanza, ndipo marehemu.