Maji Yalipozidi Moto

Kusini-mashariki ya Unguja, kutoka Paje kushuka Jambiani hadi Makunduchi, ardhi ni jiwe la matumbawe. Mchimba kisima wa huko anavunja mwamba, na maji anayoyapata yamepita katika nyufa za mwamba huo kabla ya kufika kwenye ndoo. Wenyeji wamelitumia jiwe hilo tangu enzi na enzi: wamelijengea kuta, wamelichoma tanuuni kupata chokaa. Mama wa kisa hiki alizaliwa na kukulia huko. Alikuwa na nyumba ya wageni, vyumba vichache vinavyotazama bahari, na kisima chake mwenyewe chenye pampu inayopandisha maji kwenye tangi la juu.

Upepo wa kusi unapovuma, Juni hadi Agosti, wageni huomba maji ya moto. Mama akanunua shawa za umeme, zile zinazofungwa mwishoni mwa bomba, juu ya kichwa cha anayeoga. Zimeenea sana Brazil, na huku kwetu zimependwa kwa sababu ni rahisi kuliko tangi la kuchemshia. Ndani ya bakuli lake la plastiki mna koili ya waya iliyokaa wazi majini. Ukifungua bomba, msukumo wa maji hunyanyua kiwambo cha mpira, kiwambo kinakutanisha vidole vya swichi, umeme unapita, koili inapata moto. Ukifunga, mpira unarudi na umeme unakatika. Kifaa cha wati 5,500 kwenye volti 230 huvuta karibu ampea 24. Si mzigo wa kufungwa na mtu yeyote mwenye bisibisi.

Alama ya kwanza ilitokea kwenye matundu ya shawa. Pembeni mwa kila tundu paliota kiduara cheupe, kigumu, na vijito vya maji vikaanza kwenda upande, kimoja ukutani, kingine mlangoni. Dada wa usafi akapaka dawa ya klorini na kusugua. Weupe ukang'aa zaidi na kubaki palepale. Klorini huua vijidudu na kutoa madoa ya rangi, lakini chokaa haiigusi.

Baadaye maji yakapungua, na kadiri yalivyopungua ndivyo yalivyozidi kuwa ya moto. Wageni wakasifu. Mwenye nyumba akafurahi, akaona shawa zake zinafanya kazi vizuri kuliko siku zilipofungwa. Furaha ile ndiyo iliyomgharimu, kwa sababu maji yanayozidi moto pasipo mtu kugusa swichi ni dalili ya ugonjwa.

Mvua inaposhuka hubeba kabonidioksidi ya hewani, na ikipenya udongoni huongeza nyingine, ikawa na uchachu mdogo usioonjeka. Uchachu huo huyeyusha jiwe la chokaa polepole, na maji ya kisima yakatoka meupe kabisa machoni ilhali yamebeba jiwe. Ndiyo maana sabuni hutoa povu kwa shida nayo. Kuyanywa si hatari; Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo chochote cha ugumu wa maji kwa ajili ya afya. Taabu huanza yanapopashwa. Gesi hutoka, jiwe hukosa cha kuliyeyusha, na hurudi kuwa jiwe. Tena huganda hasa mahali penye joto kali kuliko pote, yaani juu ya koili yenyewe.

Ukoko huo haupitishi joto vizuri. Shaba hupitisha joto zaidi ya mara mia kuliko chokaa. Koili iliyovikwa ukoko ni kama mtu aliyefungwa blanketi juani: joto lake halina pa kutokea. Maji yanayoizunguka hayaipozi tena kama ilivyokusudiwa, na waya hujipikia ndani kwa ndani.

Matundu nayo yana kisa chao. Kile kiwambo cha mpira hakipimi maji yanayopita, kinasikia msukumo tu. Matundu yakiziba, maji hujibana ndani ya bakuli, msukumo unabaki, umeme hauzimiki, hata kama yanayotoka ni nusu ya yale ya mwanzo. Wati ni zilezile, maji ni nusu, basi joto linaloongezwa ni maradufu. Na maji yakizidi moto chokaa nayo huganda kwa kasi zaidi, ikaziba matundu zaidi. Mzunguko huo haujisimamishi wenyewe. Husimama koili inapokatika au plastiki inapoyeyuka.

Koili ya bafu la kwanza ilikatika asubuhi, mgeni akiwa na povu la sabuni kichwani. Fundi akaitwa.

"Ni umeme huu, Bi Mkubwa," alisema. "Unapanda, unashuka. Hakuna koili itakayostahimili."

Umeme wa kupanda na kushuka upo, kila mtu anaujua, kwa hiyo hakuna aliyebisha. Akafunga koili mpya, akalipwa, akaondoka. Ile ya zamani ikaachwa juu ya ukuta wa bafu. Lau mtu angeichukua na kuitazama, angeona ukoko wa kijivu mnene kuliko waya wenyewe, umejaa katikati ya mizunguko hadi mingine imeshikana kuwa kitu kimoja. Angeubonyeza kwa ukucha ungemeguka vipande vipande, na chini yake angeona waya mweusi, mwembamba, umekatika pale ukoko ulipokuwa mnene zaidi. Jibu lote lilikuwa juu ya ukuta ule. Koili nyingine ikaungua, na nyingine tena, kila mara umeme ukilaumiwa.

Kisha ikaanza kasoro ya pili: breka ya kinga, ile inayojizima umeme unapovuja, ikawa inaruka kila mgeni anapooga. Hapo fundi akafanya mambo mawili ambayo siwezi kuyasema kwa upole. Aliitoa breka ya kinga akaweka ya kawaida. Akaukata waya wa ethi, wa njano na kijani, akauzungushia utepe na kuuficha darini. "Sasa haitaruka," akasema, na kweli haikuruka.

Katika shawa ya aina hii koili iko wazi ndani ya maji, na maji yaliyobeba madini mengi hupitisha umeme kuliko maji ya mvua. Kuvuja kidogo hutarajiwa, na waya wa ethi umewekwa ili umeme huo ushuke ardhini. Ukiukata, umeme hautoweki. Unasubiri njia nyingine, na njia iliyo karibu ni mtu aliyesimama pekupeku kwenye sakafu yenye maji, mkono wake ukiwa kwenye bomba la chuma. Fundi anayekata ethi ili breka isiruke ameyachukua maisha ya watu asiowajua na kuyaweka rehani kwa ujira wa siku moja. Naandika haya kwa uchungu, maana tabia hii ipo mjini na shamba, na wenye nyumba wengi huilipia bila kujua wamenunua nini.

Mgeni wa bafu la mwisho alitoka akitikisa mkono, akasema bomba limemtekenya hadi kwenye kiwiko. Heri yake alikuwa amevaa kandambili za mpira.

Aliyeokoa nyumba ile ni binti wa mdogo wake mwenye nyumba, aliyesomea umeme chuo cha ufundi na kuja kusalimia sikukuu ya Idi. Alisikia habari ya bomba linalotekenya, akainuka kabla ya kumaliza chai, akazima swichi kuu.

"Mama mkubwa, tafadhali, asioge mtu humu mpaka niseme."

"Mwanangu, wageni nitawaambiaje?"

"Waambie maji ya ndoo. Wataelewa."

Akafungua bakuli la shawa. Akameza mate, akatoa kipande cha ukoko, akaagiza vikombe viwili, kimoja cha maji na kimoja cha siki. Akamega kipande na kutia kila upande. Kwenye maji kikazama na kukaa kama kilivyo. Kingekuwa chumvi ya bahari, kingeyeyuka. Kwenye siki kikatoa povu, vipovu vidogo vikipanda mfululizo, mpaka kikaanza kupungua machoni pao. Mwenye nyumba, aliyewaona wazee wake wakichoma matumbawe tanuuni, hakuhitaji kuelezwa zaidi. Akauliza tu kwa nini miezi yote hiyo hakuna aliyemwambia.

Kazi waliyoifanya inawezekana kwa kila nyumba yenye maji ya namna hii. Umeme huzimwa kwenye swichi kuu, si kwenye kitufe cha shawa. Sahani ya matundu hufunguliwa kwa mkono na kulowekwa kwenye siki, au kwenye maji ya vuguvugu yaliyotiwa ndimu ya unga, vijiko vikubwa viwili kwa lita moja, kwa muda wa saa moja hivi. Ukoko uliolainika hutolewa kwa mswaki wa zamani. Kisu na msumari havifai, vinapanua matundu na kuharibu koili. Maji ya betri hayafai kabisa. Na siki au ndimu isichanganywe na klorini hata kidogo, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu, na bafu ni chumba kidogo. Baada ya kufunga, maji yaachwe yapite yakiwa baridi mpaka bakuli lijae ndipo umeme urudishwe. Koili ikiwashwa kavu huungua papo hapo.

Ethi ilikuwa kazi ya siku nzima. Waya ulitolewa darini, ukaungwa, fimbo ya ethi ikakaguliwa, na breka ya kinga ya miliampea 30 ikarudishwa mahali pake. Koili zilizo wazi zikaondolewa. Zipo shawa zilizotengenezwa kwa ajili ya maji yenye chumvi na madini, ambazo koili yake imefungwa ndani ya bomba la chuma. Ni ghali zaidi, na mwenye kisima cha pwani asinunue nyingine. Hata hizo huvaa ukoko, ila umeme wake haugusani na maji.

Unguja haiko peke yake. Pwani ya Kenya imekalia jiwe la namna hiyohiyo. Huko Bamburi limekuwa likichimbwa na kusagwa kuwa saruji tangu 1954. Waswahili walioko London nao huviona vipande vyeupe vikielea kwenye birika la chai, kwani maji ya kule yametoka katika miamba ya chaki, na shawa zao za umeme hufa kwa ukoko uleule. Maji yenye zaidi ya miligramu 180 za ugumu kwa lita huhesabiwa kuwa magumu sana, na maabara ya maji inaweza kukupimia. Kipo kifaa cha kulainisha maji, kinachobadilisha kalsiamu kwa sodiamu na kuhitaji kulishwa chumvi kila mara. Kwa hoteli kubwa kinafaa. Kwa nyumba ndogo ni gharama ya kudumu, na bati lililoko juu ya paa linaweza kufanya kazi hiyo bure.

Ndivyo walivyoamua. Maji ya mvua hayajapita kwenye jiwe, hayana cha kugandisha. Mama akatia mifereji pembezoni mwa paa, akaweka tangi la pili, na mabomba ya kuogea yakaunganishwa nalo. Kisima kikabaki kwa usafi na bustani. Masika hulijaza tangi hilo, vuli huliongeza. Januari na Februari, kaskazi inapolikausha, Mama hurudi kwenye maji ya kisima, na miezi hiyo swichi za shawa hukaa kwenye joto la chini, maana maji yasiyopashwa sana hugandisha kidogo, na sahani za matundu hulowekwa kila wiki.