Nani Amwambie Mtoto Kwamba Amekua?



Katika mikoa yetu ya Lindi na Mtwara, mavuno yakiisha na shule zikifungwa, ngoma za jando na unyago huanza, na pamoja nazo huanza mabishano ya kila mwaka. Wako Wakristo wasemao: mtoto amebatizwa, atapata Kipaimara, hospitali itamtahiri asubuhi moja, porini anakwenda kutafuta nini? Wako wengine wasemao: mwacha asili ni mtumwa, yaliyofanywa na babu zetu yafanywe vile vile. Sisi twaona kwamba kila upande umeshika nusu ya kweli, na ya kuwa swali lenyewe halijaulizwa vizuri. Swali si kama mtoto apelekwe porini au asipelekwe. Swali ni hili: nani ana haki ya kumwambia mtoto kwamba amekua, na akishamwambia hivyo anadaiwa nini?

Jambo hili si geni katika Kanisa letu. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwaleta Masasi watu waliokombolewa utumwani, na tangu hapo wamisionari wa UMCA walikaa katikati ya Wayao, Wamakua na Wamakonde, watu ambao kwao mtu asiyepita jandoni alihesabiwa mtoto hata akiota mvi. Wamisionari wengi wa zamani, katika nchi nyingi za Afrika, waliona njia moja tu, nayo ni kukataza. William Vincent Lucas, Askofu wa kwanza wa Masasi tangu 1926 hadi 1944, aliona vingine. Alifundisha kwamba mila zipimwe moja moja, zilizo njema zishikwe na zilizo mbaya ziondolewe, kisha pasiachwe tundu tupu pale palipong'olewa kitu. Ndipo jando la Kikristo likawekwa. Kumbi lilibaki porini, wari walibaki na walezi wao, lakini mahali pa sadaka ya unga iliyomwagwa chini ya mti kwa ajili ya wahenga pakawekwa sala na baraka ya padre, na wari walipotoka walipelekwa kanisani kumshukuru Mungu.

Tutazame na upande wa pili. Mwaka 1929, katika nchi ya Wakikuyu huko Kenya, misheni kadhaa ziliwataka Wakristo wao waahidi kuacha kukeketa wasichana. Juu ya madhara ya mwili misheni zilisema kweli, na hata leo hatuwezi kusema vingine. Lakini watu wengi sana walitoka makanisani, wakaanzisha shule na makanisa yao wenyewe. Kwa nini? Pamoja na mambo ya ardhi na ya serikali ya kikoloni, ilikuwa pia kwa sababu walioambiwa waache kisu hawakuonyeshwa binti zao wangevukishwa kwa njia gani kutoka utotoni kwenda utu uzima. Miaka 67 ilipita. Ndipo mwaka 1996, huko Tharaka, akina mama walipofanya kile walichokiita Ntanira na Mugambo, yaani tohara kwa maneno. Wasichana walitengwa pamoja kwa siku chache, wakafundishwa, kisha wakatolewa mbele ya wazazi wao kwa nyimbo na zawadi, wala wembe haukuguswa. Basi, tunajifunza kwamba sherehe ya kuvuka na jeraha si kitu kimoja.

Tukilitazama jando kwa utulivu, tutaona ndani yake mambo matatu yaliyofungwa pamoja. La kwanza ni jeraha. La pili ni mafundisho. La tatu ni neno la jamaa zote, lisemalo mbele ya watu: huyu si mtoto tena. Hospitali yaweza kulichukua jambo la kwanza, na yafaa ilichukue, kwa kuwa mganga aliyesoma na vifaa vilivyochemshwa ni rehema ya Mungu. Shule na darasa la Kipaimara vyaweza kuchukua sehemu kubwa ya jambo la pili. Lakini jambo la tatu haliwezi kuchukuliwa na daktari, wala mwalimu, wala hata padre akiwa peke yake. Hilo ni la watu wote wanaoishi na mtoto yule. Mzazi amtoaye mwanawe hospitali asubuhi, akakodi viti na muziki jioni, amelipa gharama zote, ila neno lenyewe halikusemwa. Wageni wamekula wali wakaenda zao, na hakuna aliyejifunga kwa lolote.

Wengine watauliza, kwa nini porini? Si ukumbi wa kanisa watosha? Tujibu hivi. Nyumbani kila mtoto ana cheo cha baba yake. Huyu analala kitandani penye chandarua, yule juu ya mkeka. Huyu ana viatu, yule hana. Kumbi lilijengwa kwa fito na majani, na wari wote walilala chini, mtoto wa jumbe kando ya mtoto wa maskini, wakala chakula kimoja na kuogopa giza moja. Mchana walijifunza kutega, kujua mti wa dawa na mti wa sumu, kutofautisha mninga na mpingo, na kuisikiliza nyika. Tena mtoto alijiona mdogo mbele ya kitu kisichotengenezwa na mtu, na huo ni mwanzo mwema wa kumcha Mungu. Hata Waingereza wameliona hilo. Mwaka 1907 Baden-Powell aliwapeleka wavulana wapatao 20 kupiga kambi kisiwani Brownsea, akawachanganya watoto wa shule za matajiri na watoto wa watu wa kazi, na kutoka kambi ile wakazaliwa maskauti. Mwisho wa jando kumbi lilichomwa moto, wari wakaondoka bila kugeuka nyuma. Ukumbi wa kanisa hauchomwi. Kesho yake una kikao cha kwaya.

Tukumbuke pia kwamba aliyevuka hakuwa mtoto peke yake. Siku zile mwana akiwa kumbini, baba na mama walishika miiko, wakajizuia, wakaacha mapambo na magomvi, kwa kuwa iliaminika kwamba utovu wao ungemdhuru mwana. Imani ile ya uganga hatuitetei. Lakini tuone akili iliyokuwa ndani yake: wazazi walikumbushwa kwamba mwenendo wao humgusa mtoto hata pale asipowaona. Ni wazazi wangapi leo wanaojinyima jambo lolote mwezi mwana wao anapojifunza Kipaimara?

Hata hivyo tusiyasifu mambo ya kale kama watu wasioona. Wembe mmoja umepita kwa watoto wengi, na wengine wametoka na maradhi au hawakutoka kabisa. Kuna kupiga kusikofundisha kitu. Kuna maneno machafu yanayoimbwa mbele ya watoto wadogo kwa jina la mafunzo. Ukeketaji wa wasichana haumo katika unyago wa makabila yetu haya ya kusini, na pale ulipo Tanzania, sheria ya mwaka 1998 imemkataza mtu kumfanyia msichana aliye chini ya miaka 18. Lakini unyago wetu una ubaya wake, nao ndio tunaotaka kuutazama zaidi.

Ubaya huo ni huu: watoto wanapelekwa wakiwa wadogo mno. Zamani walipelekwa wanapokaribia kubalehe, na baada ya muda mfupi walishika jembe lao na nyumba yao. Siku hizi wamo watoto wa miaka 7 au 8, kwa kuwa wazazi wamepata fedha za korosho mwaka huu na hawajui kama watazipata mwakani, au kwa kuwa binamu yake anaingia na gharama zitagawanywa. Binti wa miaka 9 anakalishwa ndani, anafundishwa namna ya kukaa na mume, kisha anatolewa kwa vigelegele na kuambiwa: sasa wewe ni mtu mzima. Januari anarudi darasa la tatu. Sisi tuliokaa mbele ya ubao miaka mingi twajua anavyorudi. Ameambiwa kwamba amekua, na mwalimu anamwambia asimame pembeni kwa kuchelewa. Wavulana wakubwa nao wamesikia vigelegele vile, nao wameelewa walivyotaka.

Hapo ndipo penye kiini cha swali letu. Kumwambia mtoto kwamba amekua ni kusema neno, na neno huwa kweli au huwa uongo. Kumwambia binti wa miaka 9 kwamba ni mwanamke ni uongo, hata kama limesemwa na bibi zake wote kwa furaha. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamwita mtoto kila aliye chini ya miaka 18, na tangu 2016 amwoaye mwanafunzi au kumpa mimba anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Lakini hatutaki kuegemea sheria tu, kwa kuwa sheria humshika mkosaji baada ya kosa, na neno lile la uongo hutangulia kosa. Aliyepiga kigelegele hapelekwi mahakamani. Mbele za Mungu, je, hana sehemu?

Tena neno hili ni ahadi, si habari tu. Jamaa wanapomwambia kijana, wewe u mtu mzima, wanajifunga kumsikiliza barazani, kumpa kazi na kipande cha shamba, kumkemea wakimwona njiani kama wanavyomkemea mwana wao, na kumlinda. Luka anatueleza kwamba Yesu alipokuwa na miaka 12, Mariamu na Yusufu walikwenda mwendo wa kutwa nzima bila kumwona, wakidhani yumo katika msafara pamoja na jamaa na marafiki. Tumezoea kuhubiri juu ya hofu yao walipomkosa. Tutafakari pia utulivu wao wa siku ile ya kwanza. Walikuwa na watu wa kuwaamini. Je, mzazi wa leo katika mtaa wetu anaweza kutembea kutwa nzima na moyo mtulivu namna hiyo? Kama hawezi, basi tatizo si la mtoto aliyekosa jando. Ni la msafara.

Wako watakaosema Kipaimara chatosha. Kipaimara ni neema ya Roho Mtakatifu, nasi hatukilinganishi na mila ya kabila lolote. Kanisa liliamua tangu mkutano wa Yerusalemu kwamba tohara si mlango wa wokovu. Lakini Paulo yule yule aliyekataa Tito asilazimishwe kutahiriwa alimtahiri Timotheo kwa ajili ya watu alioishi nao. Maana yake ni kwamba jambo lisilotuokoa laweza bado kuwa na kazi ya upendo kati yetu. Askofu huja siku moja, akaweka mikono, akaondoka. Watakaobaki na kijana siku 364 ni sisi.

Lipo na jambo gumu zaidi. Jando lilikuwa la kijiji kizima. Tulipoweka jando la Kikristo, na ndugu zetu Waislamu wakaweka lao, watoto waliocheza pamoja walivukishwa mbalimbali. Tulipata usafi wa ibada, tukapoteza kitu cha ujirani. Hatudhani kwamba sala zichanganywe. Kila mtu na amwombe Mungu kwa imani yake. Lakini kulala porini, kujifunza miti, adabu na afya, na kukabidhiwa kwa wazee wa kijiji hakuhitaji kugawanywa kwa dini.

Basi twapendekeza mambo machache kwa Baraza la Kanisa, Umoja wa Mama na wazee wa mitaa. Kwanza, tohara ifanywe na mganga wa hospitali, tena mapema, jeraha lipone kabla ya kambi. Pili, asipokelewe mtoto aliye chini ya miaka 12, hata wazazi wakiwa wametayarisha pombe na mchele. Na kila umri ufundishwe mambo yanayouhusu. Tatu, kambi iwe ya siku chache katika likizo ya Juni, wavulana kwao na wasichana kwao, na siku ya mwisho wazazi waje, walale huko usiku mmoja chini kama watoto wao. Nne, kila mtaa utenge kipande cha pori kisichokatwa mkaa wala kulimwa, na kila kundi lipande miti humo. Kwa kuwa tukiendelea hivi wajukuu zetu hawatakuwa na pori la kupelekwa. Tano, nalo ni kubwa kuliko yote, asitolewe mwari yeyote mpaka mtu mzima mmoja asiye mzazi wake asimame mbele ya watu na kusema: huyu mimi nitamwangalia. Jina lake liandikwe katika kitabu cha mtaa, na kila mwaka padre amwulize habari za mtoto wake.

Sharti hili la tano halina gharama ya fedha, na huenda ndilo litakalokataliwa kwanza. Kuchangia mchele ni rahisi kuliko kuchangia miaka 6 ya kumwangalia mtoto wa mwenzio. Lakini asiye tayari kusimama hivyo na anyamaze, asipige kigelegele, kwa kuwa hana la kumwambia mtoto.