Wahesabuni Wakiwa Hai

Ndugu zangu wa Kisorya, nanyi mnaovuka kutoka Rugezi na magunia ya dagaa na watoto mgongoni, nisikieni! Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio, kivuko cha MV Nyerere kiliondoka Bugorora kwenda Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Kilipinduka kikiwa kimekaribia gati la Bwisya, ndugu wa abiria wanatazama kutoka nchi kavu. Waliokufa ni 228, zaidi ya mara mbili ya watu wote waliopaswa kuwa ndani. Na siku zile za mwanzo hakuna aliyeweza kusema kwa hakika walipanda wangapi. Idadi tuliipata kwenye majeneza!

Rudini nyuma zaidi, tarehe 21 Mei 1996. MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, ikaondoka na mamia ya watu wetu. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Wa daraja la tatu, wale wa nauli ndogo, hawakuandikwa popote. Maskini alizama bila jina. Miaka 22 ikapita, ziwa likaturudishia swali lile lile, nasi hatukuwa na jibu.

Msiniambie hakuna sheria. Ipo Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, inayotaka kamati kuanzia taifa hadi kijiji. Ofisi ya Waziri Mkuu inaratibu, TASAC inakagua vyombo, TEMESA inaendesha vivuko, Mamlaka ya Hali ya Hewa inatabiri upepo na mawimbi ya ziwa hili. Nawaheshimu wataalamu hao. Lakini tathmini ya maafa, ukiivua lugha ya semina, ni maswali matatu: nini kinaweza kutupata, nani ataumia zaidi, na tuna nini mkononi cha kumwokoa. Nawauliza wenye mamlaka: mliyauliza mwaloni? Mlishuka alfajiri kabla mitumbwi haijaondoka, mkaona ni watu wangapi wamevaa jaketi okozi? Utabiri wa upepo uliosomwa redioni jana jioni, mvuvi aliyekuwa majini usiku kucha aliusikia wapi?

Yusufu kule Misri hakungoja njaa ibishe hodi. Aliizunguka nchi yote, akatenga sehemu ya tano ya mavuno katika miaka saba ya shibe. Tazameni alipoiweka nafaka: katika kila mji, karibu na mashamba yaliyoizaa na watu watakaoila. Huyo alikuwa mtumishi wa serikali, na kazi yake hasa ilikuwa tathmini! Basi jaketi okozi lililofungiwa stoo ya wilaya halimwokoi mtu wa Kisorya. Boti ya uokoaji isiyo na mafuta ni chuma tu.

Tena wapimeni watu wetu kwa uwezo wao pia, si kwa udhaifu peke yake. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43, wavuvi ndio waliowahi kufika, na makasia yao mikononi. Watu 24 walipona. Kabla ya asubuhi ile, wavuvi hao walikuwa wameandikwa katika mpango gani wa uokoaji? Nani aliwafundisha, nani aliwapa kamba na maboya? Na hapa hapa wilayani Bunda, Julai 2023, waumini waliotoka ibadani walizama, na mtumbwi uliokwenda kuwaokoa nao ukazama. Wakiwemo watoto! Ujasiri ulikuwepo, ndugu zangu. Vifaa na mafunzo ndivyo vilivyokosekana, na hivyo huletwa kabla.

Nanyi abiria, msijifiche nyuma ya serikali. Unapomwona nahodha anaongeza mtu mwingine mtumbwi umeshajaa, ukanyamaza kwa sababu una haraka ya soko, umetia sahihi. Shuka! Poteza siku moja ya biashara.

Mkutano wa kijiji ukiitishwa, simama uulize: wajumbe wa kamati ya maafa ni akina nani? Wasimame tuwaone. Walikutana lini mara ya mwisho? Jaketi okozi ni ngapi, na ufunguo wa stoo anao nani usiku? Wakikwambia jambo hilo liko kwenye mchakato, usikae. Uliza tena.